Inzi kanigonga jichoni, saivi naskia kitu kinatembea

SWALI: Dokta shikamoo. Juzi jioni nafungia kondoo zizini inzi akanipiga jichoni akapita, sikujali, ila baada ya masaa machache jicho likaanza kuchoma kama lina mchanga, machozi hayakauki, jekundu. Jana mke wangu kanimulika na tochi anasema kaona kidude cheupe kinatembea alafu kikapotea. Nimeosha na maji weee mpaka nimechoka, bado naskia kinachezacheza. Nitapofuka?

JIBU: Marahaba, pole sana ndugu yangu. Mke wako hajakosea, huyo ni funza wa inzi wa kondoo. Inzi huyu hatagi mayai, anarusha funza hai puani mwa kondoo au mbuzi akiwa hewani bila hata kutua, sasa mara nyingine zinaishia kwenye jicho la mtu. Wana kama milimita 1 tu na mwili unapitisha mwanga ndo maana ni kazi kuwaona, na tochi ndio iliyomkimbiza, hawapendi mwanga kabisa, wanajificha chini ya kope.

Maji yameshindwa kwasababu mdomoni wana ndoano mbili nyeusi wanajishikiza nazo kwenye ile ngozi laini ya jicho, hizo ndo zinakuchoma. Usilisugue, na usimruhusu mtu akuchokonoe na pamba au kijiti. Nenda leo leo kliniki ya macho yenye ile mashine ya kuegeshea kidevu, watakudondoshea ganzi, wageuze kope ya chini na ya juu (ya juu wasiiache, naomba sana, ndo wanapopenda kujificha), wawatoe mmoja mmoja na kibano. Usishtuke wakifika hata kumi.

Kuhusu kupofuka, huyu wa kondoo hawezi kukua ndani ya binadamu, anakufa mwenyewe ndani ya siku chache, na wakishatolewa jicho kwa kawaida linapona vizuri. Ila muombe daktari akupanue mboni aangalie na nyuma ya jicho, maana mara chache sana funza, hasa wa inzi wa ng'ombe, anapenya mpaka ndani na hapo tunaongelea leza au operesheni. Ukiona vitu vyeusi vinaelea au uoni unapungua, sema hapohapo.

Utapewa dawa ya tyubu ya antibayotiki, paka kama ulivyoelekezwa, ule uzito wake unawaziba pumzi waliobaki. Alafu kesho yake rudi ukaangaliwe tena hata kama jicho limetulia, aliyekuwa kajificha leo kesho anaweza kuonekana.