Fewei ni kazi ya splaini, jamani

Wadogo zangu, wiki hii nimecheza viwanja vitatu walivyochora wageni wetu wa PGA TOUR 2K23, game ya gofu inayokuachia uchore viwanja vyako, na vyote vina fewei, ule ukanda wa nyasi fupi wa kupigia mpira, zenye pindo kama vitambaa vya kufuma kwenye makochi ya bibi: nusu duara, nusu duara, nusu duara, kutoka tii, pa kuanzia, mpaka grini, penye bendera. Nilicheka, halafu nikanuna, maana huo ni ugonjwa wangu wa zamani.

1. Fewei chora kwa splaini, ule mstari wa nukta unazoweza kuzivuta baadaye. Brashi, inayogonga nyasi kama muhuri, ni ya viraka: kuziba pengo shingoni mwa grini, kuchafua kidogo ukingo ulionyooka mno. Ningeishia hapo, ila najua hamtaniamini bila kusikia yaliyonipata.

Enzi za The Golf Club 2019, game ya zamani ya ukoo huuhuu, brashi ya duara ilinikaa mkononi: bonyeza, sogeza, bonyeza. Shimo la kwanza likaisha kwa nusu saa, nikajiona Alister MacKenzie, yule mchoraji mashuhuri wa viwanja. Kufika la 7, pa 5 (shimo la mapigo matano) inayopinda kushoto, nikagundua fewei imebanana na mto. Ilitakiwa isogee kulia kama yadi 15. Sasa mihuri ya brashi huivuti kama mkeka, kila duara lina maisha yake. Mwenye akili angefuta. Mimi nikachagua rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, nikapaka juu ya fewei ya zamani, nikagonga mpya pembeni. Kwa macho ikapendeza! Kesho yake nikafanya vilevile la 9, la 11, na la 12 mara mbili. Kumbe chini ya ile rafu fewei ya kwanza bado ipo, imezikwa hai, na kila duara linaendelea kula mita, ile akiba ya vitu ambayo game inakupa kwa uwanja mmoja. Nilikuwa nalipa kodi ya nyumba nilizokwisha kuhama.

Shimo la 15, mita ikajaa. Huko mwisho sikuwa nimepanda hata mti mmoja. Nikaanza kufuta duara moja moja, na kila nikiondoa la juu, la chini linachungulia, kijani kibichi, kana kwamba linanidai. Usiku wa tatu nikasalimu amri, nikauachia uwanja hivyohivyo: mashimo 14 yana msitu, manne yana upara. Mtu wa kwanza kuucheza aliniuliza ndege zinatua saa ngapi.

Kwa splaini ningeshika nukta sita, nikazivuta kulia, nikaenda kulala.

2. Nukta ziwe chache. Sita, saba kila upande zinatosha pa 4 yenye kona. Ukiweka thelathini ukingo unaota makunyanzi.

3. Splaini ya njia siyo splaini ya kujaza. Ya njia ina upana mmoja mwanzo mwisho, ni ya vigari. Kuna dogo kaitumia kwenye mashimo yote 18. Nimecheza huku natafuta kituo cha daladala. Funga splaini, ncha zikutane, ijaze, panua pale unapotua mpira wa draiva, fimbo ya pigo la kwanza, yadi 30 hadi 35, kisha bana unavyotaka.

Na msidhani fewei pana maana yake shimo rahisi. Pale St Andrews, Scotland, fewei ya shimo la 1 na la 18 zimeungana, hakuna bunka, mtego wa mchanga, hata moja, lakini kijito cha Swilcan kimelala mbele ya grini ya la 1 kikikungoja. Shimo la 17 ndilo darasa lenyewe: ukikimbilia kushoto uko salama kwa muda tu, maana bunka la Road litakaa kati yako na bendera, ukithubutu kulia, juu ya kona ya majengo ya hoteli, unapata pembe nzuri, ukikosea umetoka nje ya mipaka. Kabla ya kuvuta nukta, jiulize kila upande unampa mchezaji nini na unamnyima nini.

4. Udongo kwanza, nyasi baadaye. Na hicho kifaa cha kusawazisha kiwekeni chini, fewei siyo sakafu ya terazo. Dogo yuleyule ananiambia, “Kaka, mpira ulikuwa unakaa vibaya.” Ukae vibaya! Shimo la 13 la Augusta, Marekani, fewei imeinamia kushoto, anayepiga mkono wa kulia anakuta mpira uko juu kuliko miguu yake, na bado anatamani kuvuka maji yaliyo mbele ya grini. Raha yote ya lile shimo iko kwenye huo mwinamo.

5. Shukeni chini. Mnachora mkiwa angani kama mwewe, wakati mchezaji anasimama kwenye tii. Fewei ya yadi 35 ikikaa nyuma ya tuta, kwake ni uzi.

Leo asubuhi dogo kaniletea toleo jipya. Splaini imefungwa, nukta saba, kapanua pale pale panapotakiwa. Nikafurahi kama mzazi siku ya matokeo. Nikasimama kwenye tii ya shimo la 3: sioni fewei, naona kilima. Nikamwandikia aisogeze kushoto kidogo. Akajibu chapuchapu: “Sawa kaka. Ile ya zamani si naifunika tu na rafu?”