Barua za Wasomaji: Kodi ya pango na siri ya mpangaji

SWALI: Shikamoo mama. Nina shahada ya ustawi wa jamii, na huu ni mwezi wa tano tangu niajiriwe kuwa ofisa huduma kwa wakazi katika nyumba za bei nafuu pembezoni mwa jiji la Dodoma. Wakati wa usaili nilielezwa kwamba kazi yangu ni kuwasaidia wapangaji kuzoea makazi yao na kuwaunganisha na huduma wanazohitaji, lakini kila tarehe 25 msimamizi wa majengo hunikabidhi orodha ya wanaodaiwa na kuniagiza niwapitie mlango kwa mlango. Mwezi uliopita mjane mmoja alinieleza kwamba amechelewesha kodi ya miezi miwili kwa sababu ya maradhi ambayo hata ndugu zake hawayajui, akaniomba yabaki baina yetu. Siku tatu baadaye msimamizi akaniuliza mbele ya wenzangu mama yule ana tatizo gani. Nilinyamaza, naye akasema sifai kwa kazi hii. Je, nilikosea? (Ofisa mwenye mashaka, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kunyamaza hukukosea. Kama kosa lipo, lilitokea miezi mitano iliyopita, siku ulipoanza kupokea siri za watu kabla ya kuwaeleza unaweza kuzitunza kwa kiwango gani na katika jambo lipi huwezi. Sikulaumu, kwa kuwa nami nilipoanza kusimamia nyumba za kupangisha nilifanya hivyohivyo: nilikaribishwa chai, nikasikiliza, nikaondoka na habari nzito ambayo sikujua niiweke wapi.

Mchanganyiko huu unaokutesa, wa kudai kodi na kuhudumia kwa mkono uleule, ni wa zamani kuliko sisi sote. Octavia Hill, mwanamageuzi wa makazi wa Uingereza aliyeanza mwaka 1865 kusimamia nyumba chache chakavu za Paradise Place huko London, zilizonunuliwa kwa fedha za mwandishi John Ruskin kwa matarajio ya faida ya asilimia 5 kwa mwaka, aliichukulia ziara ya kila wiki ya kukusanya kodi kuwa ndiyo nafasi ya kuona paa linalovuja na mtoto asiyekwenda shule. Hakuvumilia malimbikizo ya kodi, na waliomkosoa walisema anaingilia mno maisha ya maskini; kwa maoni yangu hawakukosea kabisa. Marekani walikuja kuchagua njia nyingine: sheria yao ya nyumba ya mwaka 1990 iliruhusu kuajiriwa kwa waratibu wa huduma katika majengo ya ruzuku wanamoishi wazee na watu wenye ulemavu, na mratibu huyo hutenganishwa na kazi ya kukusanya kodi ili mzee asiogope kumfungulia mlango. Wewe umepewa kazi ya namna ya pili, kisha ukatumwa kuifanya kwa namna ya kwanza, na hakuna aliyekaa chini kuamua ni ipi hasa inayotakiwa.

Hapa Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huku ulifanywa mwaka 1973, lakini wimbi kubwa la watu lilikuja baada ya mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhama kwa vitendo, na watumishi wengi wakajikuta wanaishi mbali na ndugu, katika majengo ambayo jirani wa mkono wa kulia ametoka Mbeya na wa mkono wa kushoto ametoka Tanga. Katika mitaa ya zamani, nyumba isiyotoa moshi kwa siku mbili hujulikana, na mjumbe wa nyumba kumi hupiga hodi kabla hujamaliza kuulizia. Ghorofani mlango hufungwa, na mtu anaweza kuugua wiki nzima pasipo wa juu wala wa chini kupata habari. Ndiyo maana karatasi ile ya tarehe 25, usiyoipenda, ina thamani kubwa kwako. Katika miaka yangu ya kazi sikuona wapangaji wengi walioanza matatizo yao kwa kukosa kodi. Walianza kwa kununua umeme wa shilingi elfu moja moja, wakafuatia kwa kuwatoa watoto kwenye gari la shule, na kodi ikawa ya mwisho. Jina linapofika kwenye orodha, shida imeshakaa humo ndani miezi kadhaa. Basi usiikatae orodha. Omba uipate mapema zaidi, tarehe 10 kwa mfano, ili uende kama ofisa huduma kabla barua ya onyo haijaandikwa, na mdai halisi awe mtu mwingine.

Kuhusu msimamizi wako, yeye anastahili kujua mambo matatu tu: kwamba umeonana na mpangaji, kwamba sababu aliyoitoa umeiona kuwa ya kweli, na kwamba mmepatana alipe kiasi fulani kwa tarehe fulani. Jina la ugonjwa si mali ya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, kwa hiyo unapokataa kuzitaja mbele ya wenzako huleti ukaidi, bali unamwepusha mwajiri wako na lawama. Mwambie hivyo, lakini faraghani na kwa adabu, maana mkubwa aliyekosolewa mbele ya watu husikia kukosolewa tu. Kisha weka daftari mbili: moja ya malipo na makubaliano, ambayo yeyote ofisini anaweza kuifungua, na nyingine ya ziara zako, ambayo hukaa chini ya ufunguo.

Ipo siri usiyopaswa kuitunza, na hilo uliseme mlangoni kabla hujaketi: mtoto anayepigwa au kunyanyaswa, na mtu ambaye maisha yake yako hatarini. Hapo utapiga simu namba 116 ya huduma kwa mtoto, au utakwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hata kama aliyekueleza amekuapisha. Kwa mjane wako njia ni nyingine. Mwombe ruhusa ya kumfikisha kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na akikubali, fuatana naye. Kumpa mgonjwa namba ya simu na kumwacha ajitafutie ni kumsukuma tu. Na tafadhali usimlipie kodi kutoka mfukoni mwako. Nimewaona vijana wenye huruma wakifanya hivyo kwa mpangaji mmoja, na kufikia mwezi wa tatu jengo zima lilikuwa likiuliza kwa nini fulani alilipiwa na wao hawakulipiwa.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa wamiliki katika jengo la ghorofa tatu lenye familia 16, ambapo kila mmoja amenunua sehemu yake. Familia mbili za chini hazichangii taa za ngazi wala pampu ya maji, zikidai kwamba hazipandi ngazi na kwamba maji huwafikia bila kupandishwa. Nifanyeje? (Mweka hazina, Dodoma)

JIBU: Ndugu yangu, majirani zako wana hoja yenye mantiki, ila haina nguvu kisheria. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008, anayenunua sehemu hununua pamoja nayo fungu katika maeneo ya pamoja, yaani paa, ngazi, mabomba makuu na uwanja, na huchangia utunzaji wake kupitia umoja wa wamiliki bila kujali hupita wapi. Paa likivuja, wa chini hatoi mchango kwa kuwa limemvujia yeye, bali kwa kuwa ni lake pia. Hata hivyo kabla ya kuwasomea sheria, waoneshe hesabu. Ninashuku kwamba hawajawahi kuona risiti ya fundi pampu. Maji ya Dodoma kwa miaka mingi yametegemea visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na siku za mgao kila mtu huchota kwenye tangi la akiba, wa chini akiwamo. Bandika ubaoni gharama za kulijaza na kulisafisha, mwezi kwa mwezi. Ofisa huduma wa jengo, kama mnaye, aendeshe kikao hicho badala yako, kwa sababu mweka hazina anayedai na kusuluhisha kwa wakati mmoja huaminiwa na upande mmoja tu.

SWALI: Nimepanga nyumba nzima yenye mita yake ya LUKU, na kila mwezi ninakatwa kodi ya jengo ninaponunua umeme. Nilimwuliza ofisa wa wapangaji, akanijibu kwamba mambo ya kodi za Serikali hayamhusu. Je, ni mzigo wangu? (Mpangaji, Dodoma)

JIBU: Hapana, si mzigo wako. Kodi ya majengo ni deni la mwenye nyumba. Tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU kwa ajili ya urahisi wa ukusanyaji, na aliyenunua umeme ndiye anayeitanguliza. Hifadhi ujumbe wa kila ununuzi unaoonesha makato, jumlisha, kisha mwandikie mwenye nyumba ukiomba kiasi hicho kipunguzwe katika kodi ya pango, na mkikubaliana kiandikwe kwenye mkataba utakaofuata. Ofisa wenu alipaswa kukueleza haya kwa dakika tano, kwa hiyo rudi kwake na barua hiyo, umwombe aipokee na aigonge muhuri.