Barua kwa mwanangu: kaburi la babu yako

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Uliniuliza kwenye simu mbona kila Februari namsomea babu yako khitma, ilhali sijakuonyesha kaburi lake hata siku moja. Sauti ilinikwama, ndiyo maana nakuandikia.

Baba yangu alikuwa baharia wa jahazi. Tanga, Pemba, Mombasa, akipakia boriti huku na nazi kule. Kusi na kaskazi alizijua kama vyumba vya nyumba yake. Vita vilipokuja akaingia jeshini, kikosi cha mizinga, namba 301 cha Afrika Mashariki.

Mapema Februari 1944 walipandishwa meli ya Khedive Ismail pale Mombasa, safari ya Colombo. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, karibu 1,000 wa kikosi chake. Jumamosi tarehe 12, mchana, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga. Meli ilizama kabla ya dakika tatu kwisha. Walikufa karibu 1,300. Kinachoniuma mpaka leo, mwanangu, ni kwamba baharia yule alizama akiwa abiria. Hakuwa na kamba mkononi, wala usukani.

Mimi nilikuwa mchanga. Haya nilisimuliwa na bibi yako. Barua ilisema "amepotea baharini", naye akalishika neno hilo. Akakataa kukaa eda. "Aliyepotea hutafutwa," alisema, na kila majahazi yakitia nanga alishuka bandarini kuwauliza manahodha. Miaka miwili! Watu walisema sana. Mwishowe shehe wa mtaa wetu, Ngamiani, akamketisha, akamwambia afaye maji ni shahidi, na dua haingoji kaburi. Ndipo akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, na Februari iliyofuata akasomesha khitma. Ndiyo hii niliyoipokea kwake.

Sasa wewe uko Nairobi. Katika makaburi ya vita, Ngong Road, upo ukumbusho wa askari wasio na kaburi, na wa kikosi chake waliozama na meli ile wanakumbukwa hapo. Miguu yangu hainifikishi tena. Nenda ukamtafute babu yako. Huenda jina waliliandika walivyolisikia, kwa hiyo soma polepole. Ukiliona, liguse kwa mkono, kisha unipigie hapohapo.

Mama yako,
Tanga