Kamande hazilainiki: ni mlima au ni nyanya?

Swali: Nilihamia Kabale kutoka Kampala. Kule kamande za kahawia ziliiva kwa dakika 40. Huku nachemsha saa mbili nzima na bado ngumu. Kubana makaa, siku hizi nakaanga vitunguu na nyanya, kisha natia kamande na maji humo humo. Ni za kifurushi nilichonunua mwaka jana. Wanasema ni mlima. Kweli?

Jibu: Mlima umo, lakini kidogo. Kabale iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kampala ni kama 96. Hiyo hukuongezea dakika kumi, kumi na tano, si hiyo saa nzima na zaidi uliyoongeza.

Mkosaji mkubwa ni nyanya. Kinachoshikilia punje ni pektini, gundi ya asili ya mimea, na uchachu huizuia isiyeyuke. Ndimu na ukwaju hufanya vivyo hivyo. Chumvi husingiziwa bure, haina kosa.

Umri nao una sehemu yake. Kamande zikikaa muda mrefu penye joto na unyevu, pektini hushikamana na kalsiamu, na hapo hata moto mwingi hausaidii sana. Angalia rangi: za zamani huwa zimefifia au zimekuwa nyeusi zaidi kuliko ulipozinunua.

Kwa hizo ulizo nazo, toa mawe, osha, loweka usiku kucha kwa lita moja ya maji na kijiko cha chai cha chumvi. Mwaga maji hayo. Kila kikombe cha kamande kavu kipe vikombe vitatu vya maji mapya. Yakichemka punguza moto wa sigiri, funika. Minya punje kwa vidole viwili: ukiona kiini cheupe kinachokwaruza, bado. Ikisagika kama siagi, ndipo uunge nyanya ulizokaanga kando. Binyebwa (mchuzi wa karanga) pia iingie mwisho, maana hushika chini na kuungua.

Zikigoma, tia robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwa nusu kilo. Usizidishe: mchuzi huwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 hupotea.

Ukibanwa na makaa kweli, nunua zile nyekundu zilizopasuliwa. Hazina ganda, hazihitaji kulowekwa, na hata Kabale dakika 25 zinatosha.