"Will do" au "will be doing"? Majibu kwa maswali yenu

Maswali ya wakati ujao wa Kiingereza yamezidi kumiminika, na mengi yana kasoro ileile: mtu anatuma sentensi tupu, bila kusema nani anamwambia nani, na tendo lenyewe ni la lini. Kwa hali hiyo hakuna awezaye kukujibu. Tuanze na waliojieleza.

"I will eat at eight" na "I will be eating at eight", ipi sahihi?

Zote, ila hazisemi jambo moja. Ya kwanza inasema saa mbili ndipo unapoanza kula. Ya pili inasema saa mbili itakukuta unakula: ulishaanza na hujamaliza. Kwa hiyo itaje saa, kisha jiulize, tendo linaanzia hapo au linakutwa hapo? Likianzia, weka will na kitenzi kitupu. Likikutwa, weka will be na kitenzi chenye -ing. Mgeni akisoma ile ya pili ataelewa asikupigie simu saa hiyo.

Tumefundishwa kuwa "will be" yenye -ing ndiyo ya heshima. Ni kweli?

Katika kuuliza, mara nyingi ni kweli. "Will you come tomorrow?" inaweza kusikika kama ombi, hata shinikizo. "Will you be coming tomorrow?" inauliza tu ratiba yake ikoje, naye anabaki huru kusema hapana.

Tatizo ni kwamba watu wameichukua heshima hiyo wakaipeleka kwenye ahadi, na huko inaharibu. "I will pay you on Friday" ni kujifunga kwa neno lako. "I will be paying you on Friday" inasikika kama taarifa ya ratiba, na anayekudai ana haki ya kutilia shaka. Barua za kuomba kazi zimejaa "I will be working hard", eti ndiyo inasikika kisomi. Andika "I will work hard". Mwajiri anatafuta dhamira yako.

Kwenye kukanusha, tofauti hiyo inakusaidia. "I won't come" inaweza kuchukuliwa kuwa umegoma. "I won't be coming" inaarifu tu kwamba hutakuwepo. Ukiwa unaomba udhuru, tumia hii ya pili.

"I will be knowing the results on Monday" ni sawa?

Si sawa. Know, believe na own hazipokei -ing hapa: "I will know". Have inategemea maana. Ikiwa ni kumiliki, "I will have a car". Ikiwa ni kula, "I will be having lunch" inakubalika kabisa.

"When I will be arriving, I will call you." Kosa liko wapi?

Hili limeulizwa mno, na jibu halijabadilika. Baada ya when, before, after, until na as soon as zinazotaja wakati wa tendo, will haiingii, iwe na -ing au isiwe nayo. If ya sharti nayo ni hivyohivyo. Sema "When I arrive, I will call you." Ila msiifute will kila mnapoiona when: "I don't know when he will arrive" ni sahihi, kwa sababu ndani yake mna swali.

Nimeandikiwa "Don't call her now, she'll be sleeping." Mbona ni sasa hivi?

Ni kukisia kinachoendelea wakati huu. Usiibadilishe kuwa "she'll sleep", maana atakuwa hajalala bado.

"I will going" au "I will be go"?

Hakuna hata moja. "I will go" au "I will be going". Na mkiiona be msikimbilie kubandika -ing: "The fees will be paid" ni kauli ya kutendwa. "The fees will be paying" inafanya ada ndiyo ilipe.

Mlango ukigongwa nami nataka kuufungua, niseme "I'll be opening it"?

Sema "I'll open it". Uamuzi umeufanya papo hapo, haukuwa kwenye ratiba yoyote. Na kama jambo mlishapatana na mtu, hata will yenyewe si chaguo la kwanza: miadi ya daktari ya saa nne ni "I'm seeing the doctor at ten."