Usiwaite Watu Kusikiliza, Waite Kufanya Kazi

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa fizikia aliniandikia: "Mwalimu, salamu kutoka Arua. Nataka kuanzisha kikundi kama chenu, cha wananchi wanaowasaidia wanasayansi kutafuta chembe ndogo kuliko atomu, lakini hapa kwetu wanasema mambo ya chembe ni ya maprofesa wa Ulaya. Nianzie wapi?" Namjibu hadharani, maana ninyi mnaonisoma wengi ni walimu, na najua kila mmoja wenu anatamani kuona mwanafunzi wake akishika data ya CERN, ile maabara ya Ulaya ya utafiti wa chembe, kwa mikono yake.

Mimi nafundisha Jinja, hapa Uganda. Mambo haya yaliniingia mwaka 2014, wanasayansi wa ATLAS, kigunduzi cha CERN kinachonasa picha za protoni zikigongana, walipofungua mradi wa Higgs Hunters katika Zooniverse, tovuti ambayo watu wa kawaida huwasaidia watafiti. Chembe ya Higgs, inayohusika na chembe nyingine kuwa na tungamo, ilikuwa imetangazwa Julai 4, 2012, na mojawapo ya maswali yaliyobaki lilikuwa kama inapovunjika huzaa chembe nyingine ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Chembe isiyo na chaji ya umeme haichori mstari kwenye picha ya mgongano. Inasafiri kimyakimya, inavunjika, halafu mistari kadhaa inachomoza mahali palipokuwa patupu, pembeni kabisa na kiini cha mgongano. Kazi ya mshiriki ilikuwa kupaona mahali hapo na kupabofya. Zaidi ya watu 30,000 duniani waliifanya kazi hiyo. Watafiti walikuwa wamechanganya humo picha zilizotengenezwa na kompyuta, ambazo majibu yake waliyajua, ili wapime uwezo wa macho ya watu. Kwa baadhi ya picha hizo watu wa kawaida waliifikia programu ya ATLAS yenyewe, na pengine wakaipita.

Nilipolisoma hilo nilijua la kufanya. Nilikwenda katika taasisi moja, nikaomba chumba cha kompyuta kila Jumamosi alasiri, nikaeleza kwamba nitawaleta wanafunzi wangu pamoja na watu wa Masese, pale mwaloni samaki wanaposhushwa. Mkubwa niliyemkuta alicheka mbele ya makarani wake. "Wauza samaki watawasaidia nini wanasayansi wa CERN?" Nilitoka bila kujibu. Neno lile halijanitoka mpaka leo, nami sioni haya kusema kwamba liliniuma.

Tukaanzia katika duka la intaneti la rafiki yangu, jioni wateja wanapopungua. Miezi ya kukatika umeme na kuishiwa bando nairuka, mnaijua wenyewe.

Ila yule mama lazima nimtaje. Anaanika mukene, yaani dagaa, na kwa miaka mingi amekuwa akipitisha macho juu ya maelfu ya visamaki ili atoe kokoto na uchafu. Nilimwekea picha, nikamweleza kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni: hapa katikati protoni zimegongana, mistari hii ni njia za chembe, sumaku ndiyo inayoipinda, wewe tafuta mistari iliyoanzia pasipo kawaida. Akakaa kimya kidogo, kisha akanyoosha kidole. "Hii haitoki nyumbani kwao." Alikuwa sahihi. Wanafunzi wangu wa sinia tano (kidato cha tano) wakahamisha viti wakakaa karibu naye. Siku ile nilijua yule mkubwa hakuelewa hata robo ya jambo alilolicheka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia: wape watu kazi ya kweli. Hotuba wameshazisikia nyingi. Mtu akiketi mbele ya picha halisi, akajua jibu lake linakwenda kuhesabiwa pamoja na majibu ya wengine walioitazama picha hiyohiyo, anakaa tofauti kabisa na mtu aliyeitwa kupiga makofi.

Higgs Hunters ilipofungwa tulihamia kwenye mradi mwingine wa ATLAS uliofunguliwa mwaka 2021, ule wa kutafuta chembe mpya. Wasio na kompyuta tuliwaingiza kwa simu. Kuna mradi wa CREDO, ulioanzia Kraków nchini Poland, wenye programu ya simu za Android. Unafunika kamera kwa utepe mweusi, unailaza simu mezani, unaichomeka kwenye chaji, unaiacha. Miale kutoka anga za mbali hugonga hewa kilomita nyingi juu yetu na kuzaa chembe ziitwazo myuoni. Wastani wa maisha ya myuoni ni maikrosekunde 2.2 tu, lakini kwa kasi yake nyingi hutufikia. Kwenye usawa wa bahari ni kama moja kwa kila sentimita mraba kwa dakika. Moja ikipita ndani ya kamera, inaacha nukta ya mwanga gizani. Mwenyekiti wa steji ya boda alipoiona nukta yake ya kwanza aliwapigia simu madereva wake wote waje waione.

Leo wanafunzi wa taasisi ileile iliyotucheka huja kuketi kwenye mabenchi yetu. Tunawapokea vizuri.

Walimu wenzangu, acheni kungoja barua ya ruhusa na vyumba vyenye marumaru. Wapeni watu kazi, wapeni kazi ya kweli! Na msiwadanganye. Higgs Hunters haikugundua chembe mpya, nami nawaambia watu wangu hivyo waziwazi: mkitafuta mahali kwa uaminifu msipate kitu, mwanasayansi anajua asirudi kutafuta hapo kwa njia ileile. Anayewaahidi wananchi Tuzo ya Nobel ili waje anawadharau sawasawa na yule aliyewafukuza. Matokeo yakichapishwa, rudini muwasomee. Msipowarudishia habari, mmewafanya vibarua wasiolipwa.

Jambo la mwisho, na hapa sitaki mzaha. Programu ya simu inataka mtu ajisajili, na hutuma mahali simu ilipo pamoja na zile nukta. Mweleze kila mtu hilo kabla hajaipakua, kwa lugha anayoielewa, na umwachie nafasi ya kukataa bila kumnunia. Kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18, zungumza kwanza na wazazi. Pia simu inayofanya kazi hiyo usiku kucha hupata moto na kula betri, kwa hiyo usiichukue simu ambayo mwenyewe anaitegemea kupokea pesa za wateja asubuhi. Tafuta ya zamani, hata iliyopasuka kioo, mradi kamera yake ni nzima.