Ngege wanahema alfajiri, maji yamekuwa kijani

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Butere. Nina bwawa la samaki aina ya ngege, mojawapo ya yale ya mita 300 za mraba yaliyochimbwa na serikali kuanzia mwaka 2009. Tangu mvua ianze, maji yamekuwa kijani kama mchuzi wa mrenda. Kila alfajiri samaki wanakuja juu midomo wazi, wakihema. Ikifika saa nne wanatulia. Jirani anasema nitie mrututu, ile dawa ya buluu ya kuua mwani. Nifanyeje?

JIBU: Dada, mrututu usiuguse. Kijani hicho ni mwani, vimea vidogo vinavyoelea majini. Ukiua mwani wote kwa mpigo, mwani huo utazama na kuoza, na uozo huo utamaliza hewa iliyobaki majini. Mimi nilifanya hivyo kwenye bwawa langu la kwanza hapa Maseno. Asubuhi ya tatu nikaokota ngege 160, matumbo juu, mmoja mmoja nikitia kwenye karai, majirani wamesimama kwenye tuta kimya. Uchungu wake sijausahau.

Saa ulizotaja zimenieleza mengi. Mchana mwani hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku nao huvuta pumzi kama samaki, wote wanagombea hewa ile ile, na kabla jua halijachomoza ndipo inapokuwa kidogo kabisa. Naona samaki wako wamekosa pumzi, sioni dalili ya ugonjwa.

Sasa tutafute anayeulisha huo mwani. Siku mvua ikinyesha, vaa gambuti, toka nje uyafuate maji mpaka yanapoingilia bwawani. Yakitoka kwenye mahindi yaliyopandwa kwa mbolea ya DAP, jua yanabeba naitrojeni na fosforasi. Fosforasi hasa husafiri imeshikana na udongo, kwa hiyo maji yakiingia mekundu, mbolea imeingia. Yakipitia boma la ng'ombe, ni vibaya zaidi. Chimba mtaro upande wa juu uyapitishe kando, halafu acha ukanda wa nyasi hatua nne au tano kabla ya ukingo. Najua kwenu shamba ni dogo na kila hatua inauma, lakini majani ya ng'ombe utayakata hapo hapo.

Wiki hii usiwape samaki chakula, wala usitie samadi ya kuku. Toa theluthi ya maji, tena ya chini, maana huko ndiko kuna uchafu na hewa haba. Ujaze ya chemchemi alfajiri, yakianguka kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Ukiona utando wa kijani unaoelekea buluu umetanda kama rangi iliyomwagika, ng'ombe wasinywe. Mwani wa aina hiyo unaweza kuwa na sumu ya kuua mifugo.

Kipimo changu ni mkono. Saa sita mchana uzamishe wima, kiganja umekikunja. Kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, bwawa limeshiba kupita kiasi. Ukikiona bado hata maji yakipita kiwiko, hapo samadi kidogo inaruhusiwa.

Siku ya kukausha bwawa, lile tope jeusi la chini lirudishe kwenye mahindi. Ndiko lilikotoka.

Niandikie baada ya wiki mbili uniambie kiganja kimepotelea wapi.